Habari za Namba Moja Kubwa

Wasikilizaji wetu, jioni hii hatuna habari za vita wala za wafalme. Tunataka kuwapa historia ya namba moja tu. Mwenye kalamu na karatasi karibu naye na avichukue, kwa maana namba yenyewe ni ndefu, nasi tutaitaja polepole, tarakimu tatu tatu: 147, 573, 952, 589, 676, 412, 927. Jumla tarakimu ishirini na moja. Kama mtu angeanza kuhesabu moja, mbili, tatu, akitaja namba moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, ingempasa kuendelea miaka zaidi ya 4,600,000,000,000 kabla ya kuifikia. Na ulimwengu wote, kwa hesabu ya wataalamu wa nyota, una umri upatao miaka 13,800,000,000 tu.

Walakini ukubwa wake si sababu ya kuizungumzia. Namba kubwa si adimu. Mtoto aweza kuandika tarakimu mia ukutani kwa kipande cha mkaa, na hapana mtu atakayeshangaa ila mwenye ukuta. Namba hii ina historia kwa sababu kwa miaka 232 ilihesabiwa kuwa kitu isichokuwa, na hayo kwa neno la mtu mmoja mwenye heshima. Kisha kwa miaka mingine 27 wataalamu walijua ya kuwa neno lile si kweli, lakini hawakuweza kuonyesha kosa lenyewe liko wapi. Ndipo alipotokea mtu akalionyesha kwa chaki.

Kwanza tuseme namba yenyewe imetoka wapi. Wengi wenu mwalijua bao la Kiswahili, lenye safu nne na mashimo manane kila safu, yaani mashimo 32, na kete zake 64. Tuweke kete pembeni, tuchukue punje za mtama. Katika shimo la kwanza weka punje moja, katika la pili mbili, la tatu nne, la nne nane, la tano kumi na sita, na kuendelea hivyo, kila shimo mara mbili ya lile lililotangulia. Sasa hesabu punje zote ulizokwisha kuweka. Baada ya mashimo mawili una punje 3. Baada ya matatu, 7. Baada ya manne, 15. Baada ya matano, 31. Kila mara jumla hupungukiwa moja tu kufika idadi ya shimo linalofuata. Ukimaliza bao zima una punje 4,294,967,295, na hapo kijiji kimekwisha kuishiwa na mtama. Chukua bao la pili uendelee mpaka mwisho wake, kisha anza la tatu, ujaze mashimo matatu tu. Hayo ni mashimo 67, na jumla ya punje zote ndiyo namba tuliyowasomea. Wenye hesabu huieleza kwa maneno machache zaidi: mbili kwa kipeo cha 67, toa moja.

Pili tueleze namba tasa. Namba 12 yagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Hizo twaziita vigawo vyake. Namba 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, nayo ndiyo namba tasa. Sisi twaona jina hili halikukaa vizuri sana, maana tasa ni asiyezaa, na kumbe namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishana. Lakini ndilo jina lililozoeleka, basi na tulitumie.

Tazameni tena jumla za bao letu. Mashimo 2 hutoa 3, nayo ni tasa. Mashimo 3 hutoa 7, tasa. Mashimo 5 hutoa 31, tasa. Mashimo 7 hutoa 127, nayo pia ni tasa. Idadi ya mashimo ikiwa si tasa, jumla nayo si tasa: mashimo 4 hutoa 15, yaani 3 mara 5, mashimo 6 hutoa 63, mashimo 9 hutoa 511, yaani 7 mara 73. Jambo hili halivunjiki kamwe, na thibitisho lake si gumu. Je, kinyume chake ni kweli? Kila idadi ya mashimo iliyo tasa hutoa jumla iliyo tasa?

Hapa hatuna budi kuungama. Mwaka mmoja, tukifundisha darasa la walimu wanafunzi, tuliandika ubaoni 3, 7, 31 na 127, kisha tukasema kwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba ndivyo ilivyo daima. Darasa zima liliandika. Asubuhi ya pili mwanafunzi mmoja, mtu wa maneno machache, alifika mapema kuliko wenzake akatuwekea mezani kipande cha karatasi. Kiliandikwa hivi tu: 23 mara 89 ni 2047. Hakusema neno, akaenda kuketi. Sisi tulikitazama kile kipande muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa. Kwa maana 2047 ndiyo jumla ya mashimo 11, na 11 ni tasa, na 2047 si tasa. Aliyeandika jambo hilo katika kitabu, mtu aliyeitwa Hudalricus Regius, aliliandika mwaka 1536, hata tuliweza kujiambia kwamba tulichelewa kwa karne nne tu. Ikatupasa kuwaambia wanafunzi wafute, na wasifute kwa kuwa mwalimu amesema, bali wazidishe wenyewe kwanza.

Tuliyoyakosea sisi waliyakosea wakubwa kuliko sisi. Lakini mtauliza, mbona watu wazima waliyajali mambo haya ya punje na mashimo? Asili yake ni Wayunani. Yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alionyesha kwamba jumla ya namna hii ikiwa tasa, ukaizidisha kwa idadi ya punje za shimo la mwisho, utapata namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Mashimo mawili: 3 mara 2 ni 6, na 6 ni 1 na 2 na 3. Mashimo matatu: 7 mara 4 ni 28, na 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Zinazofuata ni 496 na 8128. Watu wa kale walizistaajabia namba hizi, wengine wakaziona kuwa na siri ndani yake. Basi aliyetaka namba timilifu mpya ilimpasa kutafuta kwanza jumla mpya iliyo tasa, naye hakuwa na njia ila kugawanya na kugawanya.

Katika karne ya 17 aliishi mjini Paris mtawa mmoja Mfaransa, jina lake Marin Mersenne, aliyezaliwa mwaka 1588 akafa mwaka 1648. Siku zile hapakuwa na magazeti ya sayansi. Mersenne mwenyewe ndiye aliyekuwa gazeti. Alikuwa akiandikiana barua na wataalamu wa Ulaya, akina Descartes na Fermat na Galileo, na alilolipata kwa huyu alimpelekea yule. Hata ilisemwa kwamba kumwambia Mersenne jambo ni sawa na kulitangaza. Mwaka 1640 Fermat alimwandikia jambo la thamani kubwa. Alisema kwamba kama idadi ya mashimo ni tasa, kila kigawo cha jumla yake, ukikitoa moja, lazima kigawanyike kwa maradufu ya idadi ya mashimo. Tuchukue mashimo 11, maradufu yake 22. Kigawo 23 ni 22 na moja. Kigawo 89 ni mara nne ya 22, na moja. Kwa kanuni hiyo mtu haangaiki na kila namba. Huruka kutoka jiwe hata jiwe kama avukaye mto. Fermat aliitumia kuonyesha kwamba jumla ya mashimo 37, ambayo mtaalamu mmoja wa Italia, Cataldi, alikuwa ameiita tasa, yagawanyika kwa 223.

Mwaka 1644 Mersenne alitoa kitabu kwa Kilatini, na katika dibaji yake akaandika orodha. Alisema kwamba jumla hizi ni tasa kwa mashimo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba kati ya hizo hapana nyingine. Namba yetu ndiyo hiyo ya 67. Hakutoa thibitisho. La ajabu ni kwamba mwenyewe alikiri katika kitabu kile kile ya kuwa namba ya tarakimu kumi na tano au ishirini, muda wote wa dunia hautoshi kuipima kama ni tasa au si tasa. Hata hivyo akazitaja. Na namba yetu ina tarakimu ishirini na moja, nayo ni ndogo mbele ya ile ya 257, yenye tarakimu 78.

Kwa nini hapana aliyemwuliza? Twadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ni heshima: jina la Mersenne lilikuwa kubwa, na watu walifikiri kwamba bila shaka alikuwa na njia ambayo hakuitaja, au kwamba Fermat ndiye aliyemnong'oneza. Hata leo jumla hizi zilizo tasa zaitwa kwa jina lake. Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Anayetaka kuhakikisha kwa kugawanya kwamba namba yetu ni tasa, ingempasa kujaribu namba tasa zote zilizo chini ya 12,148,000,000, nazo ni zaidi ya milioni mia tano. Kwa kanuni ya Fermat zapungua sana, lakini zinazobaki zatosha kuumaliza uhai wa mtu. Mwaka 1772 Euler, mtaalamu mkuu wa zama zake, aliandika kwamba amehakikisha ile ya mashimo 31, yaani 2,147,483,647, kuwa ni tasa kweli. Hapo orodha ilizidi kuaminiwa. Kama la 31 ni kweli, mbona la 67 lisiwe kweli? Hivyo ndivyo uongo unavyopanda gari moja na kweli.

Aliyeushusha garini alikuwa mwalimu wa shule. Édouard Lucas alizaliwa Amiens nchini Ufaransa mwaka 1842, akawa askari wa mizinga katika vita vya mwaka 1870, kisha akafundisha hesabu katika shule za Paris mpaka alipokufa mwaka 1891. Alipenda michezo. Ndiye aliyetoa, mwaka 1883, ule mchezo wa vijiti vitatu na sahani za mbao zilizopangwa kubwa chini na ndogo juu, ambazo mchezaji huzihamisha moja moja bila kuweka kubwa juu ya ndogo. Sahani tatu zataka mihamisho 7, sahani tano 31. Na mwenye sahani 67 angehitaji mihamisho sawasawa na namba tunayoizungumza. Si ajabu basi kwamba Lucas alizijua namba hizi kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake.

Mwaka 1876 alitangaza njia mpya ya kuzipima. Njia hiyo haitafuti vigawo hata kidogo. Tutawaeleza kwa sura iliyonyooshwa mwaka 1930 na Mmarekani Derrick Henry Lehmer, maana ni rahisi kushika. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima, ushike baki. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, gawanya, shika baki. Fanya hivyo mara zilizopungua mbili kuliko idadi ya mashimo. Mwisho wake, pasipokuwa na baki, namba ni tasa. Pakiwa na baki lolote, si tasa. Tupime 31, ambayo ni mashimo matano. Basi twafanya mara tatu. 4 mara 4 ni 16, toa 2, ni 14. 14 mara 14 ni 196, toa 2, ni 194. Gawanya kwa 31, baki ni 8. 8 mara 8 ni 64, toa 2, ni 62. Gawanya kwa 31, hapana baki. Ni tasa. Tuliijaribu 2047 ile ile iliyotuaibisha. Baada ya mara tisa baki lilikuwa 1736. Si tasa, na katika safari yote hiyo hatukuwaona 23 wala 89.

Lucas alipoipima namba ya mashimo 67 kwa njia yake aliona kwamba si tasa. Mersenne alikosea. Mwaka ule ule alionyesha kwamba ile ya mashimo 127, yenye tarakimu 39, ni tasa kweli kweli, nayo ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana mpaka wakati wa mashine za umeme.

Hapa twataka mtulie kidogo, maana jambo hili huwasumbua wanafunzi wetu kila mwaka. Mtu awezaje kujua kwamba namba yagawanyika, asijue yagawanyika kwa nini? Mtazameni mama anunuaye mtungi sokoni. Huunyanyua, akaugonga kwa kidole karibu na sikio. Mlio ukiwa mbovu huurudisha chini, naye anajua kwamba una ufa ingawa ufa wenyewe haujaonekana. Muuzaji aweza kuapa. Mlio umekwisha kusema. Lucas aliugonga mtungi akasikia ufa. Lakini muuzaji akishikilia, akisema, “Nionyeshe ufa,” mama atafanyaje? Kwa miaka 27 hapana aliyeweza kuuonyesha.

Aliyeuonyesha ni Frank Nelson Cole, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1861, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kwa muda wa miaka mingi alikuwa mwandishi wa Chama cha Hesabu cha Marekani. Tarehe 31 Oktoba 1903 chama hicho kilikutana New York, na katika orodha ya mazungumzo lilikuwamo lake, juu ya kuzigawa namba kubwa katika vigawo vyake.

Yaliyotokea siku ile yamesimuliwa na mtaalamu mwingine, Eric Temple Bell, katika kitabu chake cha mwaka 1951. Asema kwamba Cole, ambaye siku zote alikuwa mtu wa maneno machache, alikwenda ubaoni, akashika chaki, akaanza kuzidisha mbili kwa mbili mpaka kipeo cha 67, kisha kwa uangalifu akatoa moja. Akasogea upande wa pili wa ubao uliokuwa mtupu, akaandika namba mbili, moja ya tarakimu tisa na moja ya tarakimu kumi na mbili, akazizidisha kwa mkono, safu kwa safu. Majibu ya pande mbili yakawa sawa. Cole akaweka chaki chini, akarudi kuketi, hakusema hata neno moja. Wasikilizaji wakapiga makofi, wala hapana aliyeuliza swali. Bell aongeza kwamba miaka kadhaa baadaye alimwuliza Cole ilimchukua muda gani kuzipata zile namba mbili, naye akajibu kwamba zilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Hatuna budi kusema kwamba Bell alikuwa mtu wa kunogesha hadithi. Wenye kuchunguza historia ya hesabu hukubaliana katika jambo hilo. Kitabu chake kilitoka miaka 48 baada ya mkutano, na Cole mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwaka 1926. Yawezekana kwamba ukimya umerefushwa kidogo na makofi yameongezwa sauti. Lakini makala ya Cole ilichapishwa katika gazeti la chama, na namba zile mbili zimo. Nazo hazihitaji ushahidi wa Bell wala wa mtu mwingine. Kuhusu Jumapili, hatutaingia katika mabishano kama ni kazi iliyo halali siku hiyo. Jumapili za miaka mitatu ni 156, na mwalimu yeyote anajua kwamba siku nyingine za juma si zake.

Twaweza kukisia ukubwa wa kazi. Namba ndogo kati ya mbili hizo ni 193,707,721. Itoe moja, uigawanye kwa 134, ambayo ni maradufu ya 67, nawe utapata 1,445,580 kamili, kama Fermat alivyosema. Maana yake ni kwamba mtu aendaye kwa kuruka jiwe hata jiwe angekanyaga mawe 1,445,580 kabla ya kulifikia lililo sawa. Kuna kanuni nyingine, ya wakati wa Euler, inayoondoa nusu ya mawe; yabaki kama 722,000. Mtu akitumia dakika tano kwa kila jiwe, saa nane kila siku, pasipo kupumzika siku hata moja, atamaliza zaidi ya miaka ishirini. Cole hakwenda hivyo. Aliyatumia mabaki ya namba zilizozidishwa kwa zenyewe kama chekecheo, akazitupa namba nyingi kwa pamoja bila kuzijaribu moja moja. Na hata baada ya kuchekecha, kazi iliyobaki ilikuwa ni ya kalamu na subira.

Orodha ya Mersenne iliendelea kuchunguzwa. Mwaka 1883 kasisi mmoja wa Urusi, Pervushin, alionyesha kwamba ya mashimo 61 ni tasa, na Mersenne hakuitaja. Wengine wakadhani kwamba huenda mchapaji alisoma 61 akapanga 67, na kosa lote likawa la herufi za risasi. Utetezi huo ni wa huruma, lakini haukutosha, kwa kuwa mwaka 1911 na 1914 ya 89 na ya 107 nazo zilionekana kuwa tasa, nazo hakuzitaja. Na ile ya 257 aliyoitaja si tasa. Kufika mwaka 1947 orodha nzima ilikuwa imekwisha kupimwa: makosa matano. Baadaye mashine zilishika kazi. Mwaka 1952 mashine moja huko Los Angeles ilipata jumla tasa mpya tano kwa muda wa miezi michache. Na mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba ya mashimo 136,279,841 ni tasa, namba yenye tarakimu 41,024,320. Kuipima walitumia ile ile njia iliyotoka kwa mwalimu Lucas. Na namba ya Cole, mashine ndogo ya nyumbani leo huipasua kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Lakini msidhani kwamba jambo lenyewe limekwisha. Mashine zimeongeza kasi, hazikuondoa tofauti ile iliyoonekana ubaoni New York: kuzidisha ni kazi ya saa moja, na kutengua kilichozidishwa ni kazi ya miaka mitatu. Mwaka 1977 wataalamu watatu wa Massachusetts, Rivest, Shamir na Adleman, waliigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli. Mtu huchagua namba tasa mbili kubwa sana, huzizidisha, na zao lake hulitangaza kwa wote. Yeyote aweza kulitumia kufunga barua ya siri, lakini kufungua kwataka kuzijua zile namba mbili zilizofichwa. Zao hilo huwa na tarakimu mia sita na zaidi. Mpaka leo fedha nyingi na siri nyingi hupita katika nyaya zikilindwa kwa kufuli za namna hii, na ulinzi wake ni kwamba, kwa mashine zilizopo leo, hapana aliyeonyesha njia ya haraka ya kuupata ufa wa mtungi mkubwa kiasi hicho. Wala hapana aliyethibitisha kwamba njia hiyo haipo. Hilo nalo, kwa sasa, ni neno la wakubwa.

Sasa wenye kalamu waandike. Namba ya kwanza: 193, 707, 721. Namba ya pili: 761, 838, 257, 287. Kabla ya kuzizidisha, zipimeni kwanza kwa kutoa tisa, kama tulivyofundishwa sote shuleni. Jumlisheni tarakimu za namba ya kwanza: ni 37, na 3 na 7 ni 10, na 1 na 0 ni 1. Za namba ya pili ni 64, yaani 10, yaani 1. Moja mara moja ni moja. Za namba kubwa tuliyoanza nayo ni 109, yaani 10, yaani 1. Zimepatana. Kipimo hicho hukamata makosa mengi wala hakikamati yote, kwa hiyo zizidisheni kwa ukamilifu. Ni safu nane tu, kwa kuwa tarakimu moja ya ile ndogo ni sifuri, na safu ya kwanza ni bure, kwa kuwa yamalizika kwa moja. Sisi tulipoifanya kwenye ubao wetu darasani ilituchukua dakika arobaini, pamoja na kosa moja katika safu ya sita, na aliyeliona kosa lile alikuwa yule yule mwanafunzi wa 23 na 89.